Kienyeji cha Nani? Albamu Tatu za Kimarekani na Istilahi Zake

Miongoni mwa hati zinazoletwa mezani petu zihakikiwe kabla ya kuchapwa, zinazohusu muziki ni chache mno. Nyingi ni za sheria, kilimo, afya na fedha, nazo husomwa kama zisomwavyo hesabu. Kwa hiyo tulipoletewa tafsiri ya kijitabu cha tamasha moja la muziki, tuliipokea kwa furaha isiyo ya kawaida, tukakaa nayo muda mrefu kuliko tulivyokusudia. Ukurasa mmoja ulimtambulisha mgeni kutoka Marekani, mwimbaji wa gitaa na banjo, kuwa mpigaji wa "muziki huru wa watu". Ukurasa uliofuata ulikitambulisha kikundi cha Wagogo, chenye mazeze na marimba, kuwa cha "muziki wa kienyeji". Tulipoifunua nakala ya Kiingereza tuliona kwamba neno lililotumika katika kurasa zote mbili ni lile lile moja, "folk".

Tulimwita mtafsiri. Ni kijana mwenye Kiswahili kizuri, wala hakujitetea kwa hila. Alisema, "Huyu ni Mzungu, nitamwitaje wa kienyeji?" Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Halikuonyesha kosa la sarufi wala upungufu wa msamiati. Mtafsiri alikuwa na neno mkononi; akaliona kuwa ni dogo mno kwa mgeni, lakini linamtosha mwenyeji.

Kulikuwa na neno la tatu pia. Albamu mpya ya mgeni huyo, iliyosifiwa kwa Kiingereza kwamba imechota katika visima vingi, iliitwa "albamu holela". Hapo tulicheka, na baadaye tukakijutia kicheko chetu, kwa sababu tutakayoieleza mahali pake.

Istilahi za sanaa haziamuliwi kwa kupekua kamusi peke yake. Anayetafuta kisawe cha kipuri cha trekta hana budi kukiona kipuri chenyewe. Kadhalika anayetafuta jina la muziki hana budi kuusikiliza. Tulichagua albamu tatu za Wamarekani wa kundi hilo, zote za miaka ya karibuni: "Dragon New Warm Mountain I Believe in You" ya bendi ya Big Thief (2022), "Javelin" ya Sufjan Stevens (2023), na "Hadsel" ya Zach Condon, ambaye hutoa kazi zake kwa jina la Beirut (2023). Tulizisikiliza kwa majuma kadhaa, baada ya saa za kazi. Jambo hili twalitaja kwa ajili ya wahasibu.

Tuanze na "kienyeji". Neno hili linatokana na mwenyeji, yaani aliye kwao, ambaye mgeni humwomba maji. Katika mzizi wake hamna tusi lolote. Lakini maneno hayaishi mizizini. Wakati wa utawala wa kikoloni kulikuwa na serikali za wenyeji na mahakama za wenyeji, na kila kilichoandikwa hivyo kilikuwa ngazi moja chini ya kile kisichoandikwa hivyo. Baada ya Uhuru kilema hicho kilibakia katika dawa za kienyeji na pombe za kienyeji, vitu ambavyo mtumishi wa serikali alivitumia nyumbani na kuvikana ofisini. Sokoni heshima imekwisha rudi: kuku wa kienyeji leo huuzwa ghali kuliko wa kisasa, na hakuna mnunuzi anayeona haya kumtaja kwa jina lake. Jukwaani bado haijarudi.

Neno la Kiingereza nalo lina matata yake. Kwanza lilitaja nyimbo ambazo mtunzi wake hajulikani, zilizopokezanwa kwa midomo kizazi hata kizazi. Kufikia miaka ya 1960 lilitaja pia nyimbo za mtunzi mmoja, mwenye jina na hakimiliki, aliyeimba kwa gitaa kwa namna iliyofanana na zile za kale. Bob Dylan alipopanda jukwaani Newport mwezi wa Julai 1965 akiwa na gitaa la umeme, baadhi ya wasikilizaji walimzomea; ni dalili kwamba neno lilikwisha kuwa na mipaka, na mipaka ilikwisha kuwa na walinzi. Leo linayo maana ya tatu, iliyo nyepesi kuliko zote: ni jina la rafu katika duka la santuri, na huko wanapangwa watu ambao hawajapata kuimba wimbo hata mmoja wa babu zao. Mtafsiri asiyejiuliza ni maana ipi kati ya hizo tatu iliyo mbele yake hataokolewa na kamusi yoyote.

Kiswahili kwa upande wake hakikuzoea kuuita muziki kwa rafu. Kimeuita kwa shughuli yake au kwa watu wake: ngoma, dansi, kwaya, taarabu. Tunalo hata jina ambalo ni kitenzi kizima, tena katika kauli ya kutendwa: zilipendwa. Limetoka kwa wasikilizaji, si kwa wauzaji, na hatujui lugha nyingine iliyofanya hivyo kwa wepesi namna hiyo. Vile vile wanamuziki wenyewe walikwisha kutuachia "gitaa kavu", yaani gitaa lisilo la umeme, neno ambalo lingetupasa tuwe tumeliingiza katika orodha zetu zamani. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye upigaji wake wa "Masanga" ulirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi, alikuwa mtu wa gitaa kavu. Aliimba kwa Kiswahili cha huko kwao, nyimbo zake mwenyewe. Kwa vipimo vya Kiingereza Mwenda ni wa ile maana ya pili, na alikuwa nayo miaka kumi kabla ya Dylan kutoa santuri yake ya kwanza. Nani atasema kwamba yeye ni wa kienyeji na Dylan ni wa watu?

Basi tulidhani kwamba tumepata: muziki huu na uitwe "nyimbo za gitaa kavu". Jina hilo lilisimama vizuri mbele ya nusu ya nyimbo za Big Thief, likayumba mbele ya Stevens, na lilipofika kwa Condon likaanguka kabisa, maana katika "Hadsel" chombo kinachotawala ni kinanda kikubwa cha kanisa. Istilahi inayoanguka mara ya tatu ya kujaribiwa haifai kupelekwa shuleni.

Tulirudi kusikiliza, mara hii bila kuhesabu vyombo. Kilichotushangaza ni umbali wa sauti. Katika albamu zote tatu mwimbaji huimba kana kwamba wasikilizaji wake ni watano, nao wameketi karibu. Hapazi sauti mpaka alazimike. Hata pale vyombo vinapofurika nyuma yake, yeye huendelea kusema na wale watano. Hapo tulikumbuka baraza ya nyumba, mahali ambapo si ndani wala si uwanjani, ambapo mtu huimba bila kupanda jukwaa na mpita njia anaruhusiwa kusimama. Twapendekeza, kwa ile maana ya tatu, "nyimbo za barazani". (Msomaji asidhani kwamba Baraza letu linajipendelea. Jina hili tulilipata kwa kusikiliza, na kufanana huko kumetuudhi sisi kuliko mtu mwingine yeyote.)

Jina likishapatikana linapaswa kumsaidia msikilizaji kusikia, la sivyo ni kibandiko tu. Tulijaribu jina hili kwa "Javelin". Stevens alikwisha kuonyesha njia mbili zilizo mbali mbali: katika "Illinois" (2005) alipanga nyimbo 22 zenye matarumbeta na waitikiaji wengi, kama gwaride la shule; katika "Carrie & Lowell" (2015), iliyohusu mama yake aliyefariki mwaka 2012, alibakia na nyuzi na sauti yake, karibu bila ngoma hata moja. "Javelin" inaziunganisha njia hizo ndani ya kila wimbo. Wimbo huanza barazani: piano au nyuzi zinazokwanyuliwa taratibu, na sauti iliyo karibu na mnong'ono. Kisha huingia sauti za wanawake, moja baada ya nyingine, kama majirani waliosikia kwamba kuna jambo. Kisha ngoma za mitambo, mpaka mtaa mzima umesimama nje. Stevens aliitabaruku albamu hii kwa mwenzi wake aliyefariki Aprili 2023, na anayejua hivyo huelewa kwa nini majirani wanakuja. Huu ni mwenendo wa nyumba yenye msiba.

Walakini tunayo lawama. Kufikia wimbo wa sita msikilizaji amekwisha kujua dakika ambayo waitikiaji wataingia, naye huwangoja kama abiria angojaye basi la saa tatu. Wimbo wa tisa, ulio mrefu kuliko dakika 8, unaisamehesha albamu nzima, kwa sababu humo majirani wanakuja na hawaondoki. Wimbo unakwisha polepole wakiwa bado wapo.

Kwa kuwa tumetaja nyuzi, tuseme neno moja juu ya banjo, chombo ambacho kimemtia Stevens katika rafu ya "folk" kuliko chombo kingine. Asili yake ni Afrika, nayo ilitengenezwa upya Marekani na watu waliopelekwa huko utumwani. Béla Fleck, bingwa wa chombo hicho, alifunga safari mwaka 2005 kuja Afrika, Tanzania ikiwamo, akacheza na wenyeji, na albamu iliyotokana na safari hiyo (2009) aliipa jina ambalo ni tafsiri ya Kiingereza ya "bwaga moyo", yaani Bagamoyo. Watafsiri waitazame tafsiri hiyo kwa makini. Kubwaga ni kuutupa mzigo chini. Yuko asemaye kwamba aliyebwaga ni mtumwa aliyekata tamaa mbele ya bahari, na yuko asemaye kwamba ni mpagazi aliyefika mwisho wa safari akapumzika. Kiingereza kililazimika kuchagua hali ya moyo, Kiswahili hakikulazimika.

Sasa tuje kwenye "huru". Mtafsiri wetu aliona neno la Kiingereza linalotumika pia kwa nchi iliyojitawala, akaandika huru. Lakini "muziki huru" kwa msomaji wa kawaida ni muziki usiofuata kanuni, na kwa mwingine ni muziki wa bure, jambo ambalo wanamuziki hawatalipenda hata kidogo. Kinachozungumzwa hapa ni fedha: nani amelipia studio, nani anamiliki kanda, nani anaamua albamu itoke lini. Kwa hayo tunalo neno lenye umri na heshima tangu Azimio la Arusha la 1967, nalo ni kujitegemea. Stevens hutoa kazi zake kupitia Asthmatic Kitty, kampuni ambayo yeye na baba yake wa kambo waliianzisha mwaka 1999. Condon ameitoa "Hadsel" chini ya kampuni yake mwenyewe, Pompeii Records. Hao wanajitegemea, bila ya kutia chumvi.

Big Thief, hata hivyo, hawajitegemei kwa maana hiyo. Albamu yao imetolewa na 4AD ya Uingereza, kampuni yenye wenyewe, wakurugenzi na mikataba. Inachotofautiana nacho ni yale makampuni makubwa matatu ya dunia, Universal, Sony na Warner, ambayo haimo chini ya lolote kati yake. Kiingereza hutumia neno moja kwa hali zote mbili, na kwa kufanya hivyo humfanya mwajiriwa aonekane kama mwenye shamba. Sisi hatuna haja ya kuiga ufukara huo. Lugha yetu ilikwisha kupata, katika siasa za nchi za nje, neno la kutofungamana. Twapendekeza "mwanamuziki anayejitegemea" kwa Stevens na Condon, na "kampuni isiyofungamana" kwa 4AD na zilizo kama hiyo. Kwa maneno hayo mawili historia ya Justin Vernon huelezeka kwa sentensi moja: alijirekodi peke yake katika kibanda cha baba yake cha uwindaji huko Wisconsin majira ya baridi ya 2006 na 2007, akaitoa "For Emma, Forever Ago" kwa kujitegemea, kisha mwaka 2008 ikachukuliwa na Jagjaguwar, kampuni isiyofungamana. (Jina lake la kisanii, Bon Iver, ni Kifaransa kilichopunguzwa herufi kwa makusudi. Wasahihishaji wasilisahihishe.)

Limebaki neno holela, nalo ndilo lililotuadhibu. Kisawe tulichokuwa tumemwandikia mtafsiri pembeni, kwa wino mwekundu na kwa kujiamini, ni mseto. Mseto ni chakula kabla ya kuwa serikali. Mchele na choroko hutiwa chungu kimoja, na mpishi ndiye anayejua kipi kitangulie, kwa kuwa haviivi kwa muda mmoja. Holela ni kutia tu. Tofauti ya maneno hayo ni mpishi.

Kwa kipimo hicho "Hadsel" ina mpishi lakini mseto wake haujaiva sawasawa. Condon alikwenda Norway mwanzoni mwa 2020, kwenye kisiwa cha Hadsel kilicho mbali kaskazini, akaruhusiwa kukipiga kinanda cha kanisa la mbao lenye pembe nane. Pumzi ya kinanda hicho imejaa katika albamu nzima, na juu yake yameongezwa matarumbeta, ukulele na ngoma za mitambo, vyote vikipigwa na mtu mmoja. Kinanda na tarumbeta zinapokutana hatuna la kusema. Ni kama mtu na ndugu yake. Ngoma za mitambo zimebaki kama mgeni aliyekaribishwa nyumbani na kusahauliwa kupewa kiti.

Condon ndiye pia anayelimaliza lile neno la kwanza. Alizaliwa Santa Fe, katika jimbo la New Mexico, na albamu yake ya kwanza, "Gulag Orkestar" (2006), ilijaa matarumbeta ya namna ya nchi za Balkani. Baadaye akatua kwenye kinanda cha Norway. Mtu huyu ni mgeni katika kila chombo anachokipiga, na ugeni huo hasa ndio sanaa yake. Atakayemwita wa kienyeji itampasa aseme ni kienyeji cha wenyeji gani.

"Dragon New Warm Mountain I Believe in You" tuliiweka mwisho kwa sababu ndiyo iliyotushinda. Jina lenyewe si sentensi hata katika Kiingereza, na anayetaka kulitafsiri ajiepushe. Nyimbo ni 20. Zilirekodiwa katika sehemu nne za Marekani zilizo mbali mbali, New York, California, Colorado na Arizona, kila sehemu na fundi mitambo wake. Aliyeuweka mpango huo ni mpiga ngoma wao, James Krivchenia. Wimbo mmoja una fidla na kile kijichuma kibanwacho menoni na kukwanyuliwa kwa kidole, nao unachekesha kama wimbo wa harusi ya shambani. Mwingine umejaa kelele za mitambo hata maneno hayasikiki vizuri. Hakuna utaratibu wa wazi unaoupeleka mmoja kwa mwingine. Baada ya kusikiliza mara ya kwanza tuliandika katika daftari yetu neno moja. Msomaji amekwisha kulikisia: holela.

Tuliisikiliza tena mara nne au tano kabla ya kulifuta. Kinachoishika albamu hii ni sauti ya Adrianne Lenker, mtunzi na mwimbaji wake, ambayo haibadiliki chombo kinapobadilika. Mpangilio umeachwa wazi makusudi, kama mazungumzo ya barazani ambayo huhama kutoka bei ya unga hadi habari ya kifo bila mtu yeyote kutoa hoja ya utaratibu. Tunaiona kuwa bora kuliko zile mbili, ijapokuwa ndiyo iliyo mbali zaidi na mseto tuliokuwa tumeushika kama rungu. Kwa hiyo kisawe chetu kimebaki katika orodha, lakini wino mwekundu tumeuondoa, na mtafsiri tumemwomba radhi. Alikuwa amesikia kitu ambacho sisi hatukukisikia; alichokosa ni neno lisilo la kulaumu. "Albamu changamano" limependekezwa na mwenzetu mmoja wa ofisini. Hatujaridhika nalo, kwani lanuka maabara.

Kuhusu kikundi cha Wagogo katika ukurasa uliofuata, pendekezo letu ni fupi. Muziki wenye jina lake usipewe jina la rafu. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoa mwaka 2002 albamu ya "Assembly" pamoja na Michael Brook, zeze na marimba pamoja na mitambo ya umeme, na hakuna aliyethubutu kuiita holela. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wajiitao The Zawose Queens, walitoa "Maisha" kupitia kampuni ya Real World ya Uingereza. Msikilizaji wa London aliipokea kama albamu mpya ya mwaka huo, yenye watunzi na majina. Kama mtafsiri wetu angepewa kazi ya kuieleza kwa Kiswahili, bila shaka angeandika "wa kienyeji", na wasomaji wa Dodoma wangeamini. Tuliandika: muziki wa Wagogo, wa zeze na marimba. Kwa Mmarekani tuliandika: nyimbo za barazani, za mwanamuziki anayejitegemea.

Masahihisho yalifika kwa mchapaji siku mbili baada ya kijitabu kutoka. Waandaaji wa tamasha wameahidi kwamba cha mwaka ujao kitaletwa mapema, nasi tumekwisha kulifungulia jalada. Wasomaji wenye neno lililo bora kuliko "changamano", hasa walimu wa muziki na wapiga gitaa wa zamani, wanaombwa watuandikie kabla ya hapo.